Kuandaa lori la dizeli kabla baridi kali haijashika

Dizeli ina nta ndani yake. Kukiwa na joto nta hiyo imeyeyuka na huioni. Baridi ikishika hujitenga na mafuta, mwanzo kama ukungu, baadaye kama uji. Dizeli ya majira ya joto inaweza kutia ukungu hata kabla ya kufika -10°C. Wala si lazima tangi zima ligande ndipo lori lizime: nta kidogo ikiziba filta inatosha, na injini inakosa mafuta huku tangi limejaa.

Kwa hiyo anza na mafuta, na anza mapema. Tumia dizeli ya zamani iishe, kisha jaza dizeli ya majira ya baridi. Dawa ya kuzuia kuganda itie mafuta yakiwa bado maangavu, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, halafu mimina dizeli juu yake ili ichanganyike. Dawa hiyo huzuia punje za nta kukua na kushikana, lakini haiyeyushi nta iliyokwisha kujitenga. Ya kuyeyusha ni nyingine, ya dharura. Uwe nayo kwenye kabini. Wapo wanaochanganya mafuta ya taa. Yanasaidia, hushusha kiwango cha kuganda takriban nyuzi 1 hadi 2 kwa kila asilimia 10, ila hupunguza ulainishaji wa pampu na nozeli, na yakiwa na salfa nyingi huharibu mfumo wa kusafisha moshi. Petroli usiiguse kabisa.

Badilisha filta zote za dizeli, na mwaga maji ya kitenganishi (chombo kinachotenga maji na dizeli) kila siku, maana maji huganda mapema kuliko nta. Beba filta mbili za akiba pamoja na spana yake. Tangi lijaze kila unapoegesha usiku. Nafasi tupu hubeba unyevu unaogeuka maji.

Mafuta yakikugandia njiani, weka filta mpya. Ijaze dizeli na dawa ya dharura kupitia matundu madogo ya pembeni, si tundu la katikati, kwa sababu hilo hupeleka mafuta kwenye pampu bila kuchujwa. Dawa iliyobaki mimina tangini, toa upepo ulioingia kwenye mfumo wa mafuta kwa pampu ya mkono, kisha washa. Stata usiikamate zaidi ya sekunde 30, na uipumzishe dakika 2 kabla ya kujaribu tena. Kuwasha moto chini ya tangi ni kutafuta msiba.

Betri ya asidi ikifika -18°C hubaki na chini ya nusu ya nguvu zake za kuzungusha injini, wakati huohuo oili imekuwa nzito. Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi ni nzuri, chini ya 12.4 ichaji. Betri iliyoisha chaji inaweza kuganda karibu na -10°C, ilhali iliyojaa huvuka -50°C. Ikishaganda usiichaji wala kuishtua kwa betri nyingine, inaweza kulipuka. Ipeleke kwenye joto kwanza. Betri moja ikifa kwenye seti, badilisha zote, la sivyo mbovu itazivuta nzima.

Oili ya 15W-40 (namba ya kabla ya W ikiwa ndogo, oili hubaki nyepesi zaidi kwenye baridi) imepimwa kwa kuwasha injini hadi -20°C tu. Kwa 5W-40 ni -30°C, na 0W ni -35°C. Angalia kitabu cha injini yako kinaruhusu ipi. Hita ya bloku, yaani ya umeme ya kupasha injini, mara nyingi ya wati 1000 hadi 1500, ichomeke saa 3 au 4 kabla ya kuwasha, kwa waya mnene wa matumizi ya nje. Waya mwembamba hupata moto na kuungua.

Kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini, changanya nusu kwa nusu na maji, itahimili hadi -37°C. Asilimia 60 hufika karibu -50°C. Usidhani kutia kulanti tupu ni bora zaidi, kwani hiyo huganda karibu -13°C. Pima kwa refraktomita, kifaa kinachoonyesha itaganda kwenye nyuzi ngapi. Rangi haikuambii chochote.

Breki za upepo ndizo zinazosahaulika. Maji yaliyo kwenye matangi ya upepo huganda ndani ya valvu, na breki hushika au hukataa. Badilisha katriji ya kikausha upepo kabla ya msimu, hakikisha hita yake inafanya kazi, na fungua koki za matangi kila siku. Ikitoka oili pamoja na maji, kompresa inapitisha. Spiriti ya kuyeyusha barafu kwenye mfumo iwe suluhisho la mwisho, kwa kuwa hukausha mipira. Kutia mafuta ya breki humo ni mwiko.

AdBlue, kimiminika cha urea cha kusafisha moshi, huganda -11°C na hutanuka, hivyo acha nafasi kwenye tangi lake. Lori litawaka hata ikiwa imeganda, na hita yake itaiyeyusha. Upepo wa tairi hushuka takriban asilimia 2 kwa kila nyuzi 5 au 6, kwa hiyo upime upya. Kifuniko cha rejeta kisizibe uso wote. Acha uwazi katikati.

Injini yenye plagi za joto au hita ya hewa usiipulizie etha (dawa ya kusaidia kuwasha injini), italipuka ndani. Ikiwaka, usiiache kwa saa nyingi kwenye mzunguko wa chini: silinda hupoa, dizeli isiyoungua huteremka kwenye oili. Panda hadi mizunguko 1000 au 1200 kwa dakika.

Kabla ya kuegesha, kanyaga breki kidogokidogo kwenye kilomita ya mwisho zikauke, ama sivyo viatu vitagandamana na ngoma. Asubuhi ondoka polepole ukitazama magurudumu ya trela kwenye kioo. Juu ya barafu yanaweza kuburutwa bila kuzunguka na usihisi lolote, hadi tairi ziwe zimesagika upande mmoja. Yakigoma, simama, weka vizuizi, na ugonge ngoma kwa nyundo.