Chekini ya mapema: kabla hujalipia familia nzima

Safari ya kwanza tuliyopanda ndege familia nzima, nililipia chekini ya mapema kwa kila kichwa, yaani kuthibitishwa kwamba tunasafiri na kupewa pasi za kupandia ndege kabla ya wengine. Tulikuwa sita: mimi, baba watoto, mama mkwe wangu na watoto watatu, kifunguamimba akiwa na miaka 12, wa kati 8, kitindamimba 3. Ada yenyewe, ukiitazama kwa mtu mmoja, ilikuwa kama chenji iliyosahaulika mfukoni. Nikabonyeza “ndiyo”. Hesabu nilikuja kuifanya usiku, nikiwa nimeshalipa: watu sita, kwenda na kurudi, na kila upande tunabadilisha ndege mara moja. Sita mara nne, ada 24. Hapo si chenji tena.

Na bado hatukukaa pamoja. Mfumo ulituchekini wenyewe, mapema kama ulivyoahidi, ukatugawia viti ulivyovikuta. Kitindamimba akapangiwa 14E, katikati ya watu wazima wawili asiowajua, mimi nikatupwa safu ya 22. Nilipofika kaunta nikiwa nimefura, dada wa pale alinijibu kwa upole tu: “Mama, ulilipia kuchekini mapema. Hukulipia kiti.”

Kwa hilo sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo silipii kitu chochote chenye neno “mapema” kabla ya kujua kwa shirika hilo lina maana gani, kwa sababu kila shirika lina maana yake.

Unauziwa nini hasa?

Kuna mahali unachonunua ni nafasi kwenye foleni. Mfano mashuhuri ni Southwest ya Marekani. Kwa miaka mingi ndege zake hazikuwa na viti vya kupangiwa: abiria alipewa herufi A, B au C na namba ya 1 hadi 60, watu wakaingia kwa mpangilio huo, kila mmoja akakaa anapopenda. Chekini ilifunguka saa 24 kabla ya ndege kuondoka, na aliyezubaa aliangukia C, yaani viti vya katikati huko nyuma. Mwaka 2009 wakaanza kuuza huduma ya kuchekiniwa na mfumo kabla ya dirisha hilo, yaani muda wa chekini, kufunguka kwa wengine. Hata hivyo aliyelipa hakuhakikishiwa A. Na familia yenye mtoto wa miaka 6 au chini yake ilikuwa ikiruhusiwa kuingia baada ya kundi A na kabla ya B bila kulipa chochote. Nafikiria wazazi waliolipia foleni huku mlango wao wa bure uko wazi pembeni. Tangu tarehe 27 Januari 2026 Southwest nayo inapangia abiria viti kama wengine, kwa hiyo ule ushauri wa zamani unaozunguka kwenye simu za watu umepitwa na wakati.

Kwingine unanunua kiti, na chekini ya mapema inakuja nacho kama nyongeza. Ryanair, shirika la ndege la Ireland, iko hivyo: aliyelipia kiti anaweza kuchekini hadi siku 60 kabla, asiyelipia anangoja saa 24 za mwisho na anakaa atakapopangiwa. Ila ukisafiri na mtoto wa chini ya miaka 12, mtu mzima mmoja analazimika kulipia kiti chake, na watoto hadi wanne wanapewa viti vya kukaa naye bila malipo. Ada moja inawavuta watoto wote. Mzazi asiyesoma mstari huo anaweza kulipia ukoo mzima.

Aina ya tatu ndiyo iliyonipata mimi: mfumo unakuchekini, basi. Unachonunua ni kutosahau. Kama una simu yenye kengele, huduma hiyo tayari unayo.

Ya nne ni foleni fupi ya kaunta pale uwanja wa ndege, na hii siidharau. Ukiwa na mabegi matano, kigari cha mtoto na bibi mwenye magoti mabovu, kusimama dakika arobaini si mchezo. Lakini kama bibi anahitaji kiti cha magurudumu, uliomba msaada huo mapema kabla ya kulipia foleni? Mashirika mengi hayatozi kitu kwa msaada huo, na mara nyingi anayesukumwa hupitishwa kando pamoja na anayemsindikiza. Mimi ndivyo ninavyofanya na mama mkwe sasa. Mwanzoni alikataa, akasema yeye si mgonjwa. Alipoona alivyoipita foleni ya watu mia, akakaa vizuri na kuwapungia mkono wajukuu.

Huenda viti vya watoto tayari ni haki yao

Ukurasa wa kuchagua viti umetengenezwa kukutia hofu. Unaandika kwa rangi kali kwamba usipochagua sasa huenda msikae pamoja, mzazi anatoa kadi. Funga ukurasa huo kwanza, ukatafute ule wa kusafiri na watoto, ambao shirika huuficha chini kabisa.

Kanada ina kanuni tangu Desemba 2019: mtoto wa chini ya miaka 5 anakaa kiti kinachofuatana na cha mzazi wake, wa miaka 5 hadi 11 anakaa safu moja naye, wasitenganishwe na zaidi ya kiti kimoja, na wa 12 au 13 asiwe mbali zaidi ya safu moja, yote bila ada ya ziada. Marekani, Wizara ya Uchukuzi ilianza mwaka 2023 kutangaza jedwali la mashirika yaliyoahidi kumkalisha mtoto wa miaka 13 au chini kando ya mtu mzima wake bila kumtoza. Uingereza, mamlaka ya usafiri wa anga inasema watoto wadogo inafaa wakae safu moja na wazazi, na ikishindikana wasitengwe kwa zaidi ya safu moja.

Hili halikutoka kwenye huruma peke yake. Ndege kubwa ya abiria haipewi idhini mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90, tena kwa kutumia nusu tu ya milango. Sasa mfikirie mama wa safu ya 22 anayekimbia kinyume na watu kumfuata mtoto wa safu ya 14. Nilimwambia hivyo hivyo yule dada wa kaunta, bila kupandisha sauti. Akabofya, akapiga simu, kitindamimba akahamia kando yangu. Bila ada. Zile 24 nilikuwa nimezitoa bure.

Kazi ianze siku ya kununua tiketi

Nunueni tiketi zote kwa bukingi moja, yaani zikatwe pamoja chini ya namba moja, na tarehe za kuzaliwa za watoto zijazwe kama zilivyo. Mfumo haujui kwamba huyu ni mwanao. Unajua tu kwamba kuna mtu mzima na mtoto kwenye namba moja. Safari ya pili mama mkwe alinunuliwa tiketi yake peke yake kwa sababu aliamua kuja mwishoni. Ilibidi nipige simu kuomba bukingi zake na zetu ziunganishwe kwa maandishi kwenye mfumo. Walikubali, lakini nilishika simu muda wa kuiva maharage.

Mtoto wa chini ya miaka miwili anayepakatwa ana mambo yake. Mashirika mengine hayamruhusu mzazi wake kuchekini kwa simu, ni lazima apite kaunta, na hapo ada ya chekini ya mapema haina kazi. Pia hawezi kukaa popote: kila kundi la viti lina barakoa moja tu ya ziada ya oksijeni, kwa hiyo watoto wawili wa kupakatwa hawawekwi pamoja upande mmoja wa safu. Safu za milango ya dharura hazikai watoto kabisa, usizitamani.

Halafu kengele. Hapa nina kisa.

Tiketi huandika saa kwa mtindo wa kimataifa. Yetu iliandika 09:00. Baba watoto akainakili kwenye karatasi ya mlango wa friji: “Ndege saa 9.” Mimi nikaisoma kama anavyosoma mtu yeyote anayeota ndoto kwa Kiswahili, saa tisa alasiri, nikaweka kengele ya kuchekini saa tisa alasiri ya siku iliyotangulia. Dirisha lilikuwa limefunguka tangu saa tatu asubuhi. Nilipoingia, saa sita nzima zilikuwa zimeshapita, na vilivyobaki ni viti vya katikati na viwili vya mlangoni mwa choo. Nilikasirika, kisha nikashukuru: kosa hilo lingejitokeza siku yenyewe ya safari, tungefika uwanjani ndege imeshatua ilikokuwa inakwenda. Sasa karatasi ya friji inaandikwa “09:00, yaani saa 3 asubuhi”, yote mawili, kwa kalamu nene.

Kumbuka pia kwamba saa ya kwenye tiketi ni ya mji unaoondokea. Ukiwa mji wenye saa tofauti, hesabu kwanza.

Dakika kumi kabla ya kengele, pasipoti zote ziwe mezani, zimefunguliwa ukurasa wa picha. Mimi nazipanga kwa umri, bibi hadi kitindamimba. Huo ndio wakati wa kugundua kwamba jina la mtoto kwenye tiketi limekosa herufi, si kaunta. Wa kati hunisomea namba, mimi naandika. Anapenda kazi hiyo kuliko katuni, na macho yake hayachanganyi sifuri na O kama yangu. Tukimaliza, kila pasi ya kupandia ndege napiga picha ya skrini, maana intaneti ya uwanjani ina tabia ya kukata mbele ya geti.

Nani alipiwe

Kwa kawaida mmoja, wakati mwingine wawili. Si sita.

Bibi analipiwa kiti cha kando ya njia, kwa sababu atasimama kunyoosha magoti na kwenda chooni, na sitaki aombe radhi kwa watu wawili kila mara. Wa kati hutapika ndege ikitikisika, kwa hiyo safari ndefu namlipia kiti cha usawa wa mabawa, ambako mtikiso unapungua, nami nachekini mapema kadiri dirisha linavyoruhusu ili nipate cha jirani. Kitindamimba analindwa na sera ya shirika. Kama shirika halina sera hiyo, basi yeye ndiye wa kwanza kulipiwa, na mimi pamoja naye. Kifunguamimba hana haja ya ada. Akipangiwa safu kumi mbali nasi anafurahi, anavaa visikilizio vyake na kujifanya hatujui. Baba watoto vilevile, ingawa yeye hakiri.

Ukilipia kiti, hifadhi picha ya risiti na ya namba ya kiti. Mashirika hubadilisha ndege, hata siku moja kabla, na ndege ikibadilika ramani ya viti inavurugika. Fungua bukingi yako mara moja kwa wiki na tena siku ya mwisho kabla ya chekini. Ukikuta kiti ulicholipia kimehamishwa, piga simu hapo hapo wakati nafasi zingalipo. Na usiporidhika na ulichopewa, dai ada irudishwe. Nimeidai mara moja, ikarudi baada ya wiki tatu na barua pepe nne.

Yote yakishindikana, usiwaombe abiria kwanza. Nenda kwa mhudumu wa geti kabla watu hawajaanza kuingia, na kauli iwe fupi: “Mtoto wa miaka mitatu, kiti 14E, mimi 22C.” Yeye anaona viti visivyo na watu, wewe huvioni. Mkishaingia ndani na bado mko mbalimbali, mwombe abiria kwa kumpa kiti kilicho sawa na chake au bora zaidi. Kumwomba mtu aache dirisha aliloligharamia akabanwe katikati ni kumkosea adabu, hata kama mtoto analia.

Kurudi ndiko wengi wanakosahau. Chekini ya kurudi inafunguka mkiwa bado mapumzikoni, simu haina chaji, pasipoti ziko kwenye begi la chumbani. Mimi kengele zote mbili naziweka siku ile ile ya kununua tiketi. Safari iliyopita ililia tukiwa tumekaa kivulini, wote wamelowa. Mama mkwe akainua macho kabla sijaishika simu: “Hiyo ni saa ya tiketi au saa yetu?”