Namna ya Kuomba Kibali cha Kutumia Maji katika Bonde la Pangani

Hati ya shamba haikupi haki ya kuchepusha maji ya mto unaopita shambani humo. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, maji yote ya Tanzania Bara, ya juu ya ardhi na ya chini yake, ni mali ya umma, na husimamiwa na bodi za mabonde tisa. Mkulima wa Hai, Arumeru au Korogwe anayetaka maji ya kumwagilia humwomba kibali msimamizi mmoja, Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye makao makuu Moshi.

Kabla ya kuchukua fomu, pima. Kipengele cha kiasi cha maji ndicho wengi hukijaza kwa kubahatisha. Ijaribu pampu yako, hata kama ni kisimani kwa jirani: kinga ndoo ya lita 20 mdomoni mwa bomba na uhesabu sekunde. Ikijaa kwa sekunde 8, unapata lita 2.5 kwa sekunde, yaani lita 54,000 kwa saa 6 za kumwagilia.

Hatua ya pili, ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko mhuri wowote, ni kuonana na jumuiya ya watumia maji ya eneo lako pamoja na wazee wa mfongo, yaani mfereji wa asili wa kumwagilia, kwa kuwa walio chini yako mtoni ndio watakaoathirika kiangazi na ndio watakaoweka pingamizi ombi likifika mezani. Kisha wasilisha fomu, ukionyesha chanzo, mahali pa kuchotea na uhalali wako wa kuitumia ardhi hiyo. Kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hivyo usichore kibanda cha pampu ukingoni.

Anayetaka kisima aombe kwanza kibali cha kuchimba, na amtumie mchimbaji mwenye leseni. Kandokando ya Mlima Meru maji yapimwe floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, maabara kabla ya kununua pampu.

Kibali kikitoka, soma masharti yake: kiasi, matumizi na ada ya kila mwaka. Kilichotolewa kwa kumwagilia hakikuruhusu kuuza maji kwa maboza.