Namna ya Kutambua na Kubadilisha RAM Mbovu katika Kompyuta ya Nyumbani

RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo kompyuta hufanyia kazi, inapoharibika, kompyuta huonyesha dalili zinazobadilikabadilika. Leo inajizima na kujiwasha yenyewe katikati ya kazi, kesho inaleta skrini ya bluu (au nyeusi kwenye Windows 11 za karibuni) yenye maneno MEMORY_MANAGEMENT, na keshokutwa skrini ni ileile lakini ujumbe ni mwingine kabisa. Kwa kuwa dalili hizi hufanana na zile za diski inayokufa, za pawasaplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) iliyochoka au za virusi, watu wengi hukimbilia kupiga Windows upya, na usakinishaji wenyewe hukwama njiani kwa sababu ileile. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, hakikisha umejua kwa ushahidi ni RAM ipi iliyo mbovu, na kwamba kweli ni RAM wala si sloti inamokaa.

Kwanza yalinde mafaili yako. Kila kinachohifadhiwa kwenye diski hupitia kwenye RAM, kwa hiyo RAM mbovu inaweza kuharibu picha au waraka wakati wa kunakili bila kutoa onyo lolote. Ikiwa una nakala za zamani kwenye diski ya nje, usinakili mapya juu yake. Yaweke kwenye folda nyingine mpaka tatizo litakapokwisha.

Kipimo cha kwanza kimo ndani ya Windows. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi R, andika mdsched.exe, kisha kubali kompyuta ijiwashe upya. Kipimo kinapoanza, bonyeza F1 uchague Extended. Kipimo hiki kikikuta kosa, liamini. Kisipokuta kitu, usiridhike, kwa maana hupitwa na makosa yanayojitokeza kwa nadra. Hapo ndipo panapohitajika MemTest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye fleshi na kuwashwa kabla ya Windows. Kompyuta ikikataa kuwaka kutoka kwenye fleshi, zima kwa muda Secure Boot, yaani kinga inayozuia programu zisizoidhinishwa kuwaka kabla ya Windows, lakini hakikisha kwanza unao ufunguo wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) ikiwa diski yako imefungwa kwa njia hiyo. Iache MemTest86+ izunguke usiku kucha. Kosa moja tu linatosha kuthibitisha tatizo, kwani RAM nzima haipaswi kukosea hata mara moja. Hata hivyo, kama uliwahi kuwasha XMP, mpangilio wa kuongeza kasi ya RAM, izime kwenye BIOS (menyu ya mipangilio inayofunguliwa kabla ya Windows) na upime tena, maana huenda RAM ni nzima na inalazimishwa tu kukimbia kuliko uwezo wake.

Sasa fungua mashine. Izime kabisa, chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki utoke. Gusa chuma kitupu cha kasha kabla ya kugusa chochote ndani, kwa sababu umeme tuli wa mwilini unaweza kuua RAM nzima bila wewe kuhisi lolote. Piga picha ya sloti zilivyo, fungua vibano vya pembeni, na uzitoe RAM ukizishika kwa kingo zake, si kwenye meno ya dhahabu. Zibandike vikaratasi vya A na B.

Hatua inayofuata ndiyo inayorukwa sana. Weka A peke yake kwenye sloti moja na uipime, kisha itoe uweke B kwenye sloti ileile. Moja ikitoa makosa na nyingine isipotoa, umeshampata mkosaji. Zote mbili zikifaulu hapo, chukua mojawapo uipime kwenye sloti ya pili. Makosa yakitokea huko, basi sloti ni mbovu au imejaa vumbi, na RAM mpya isingesaidia kitu. Meno ya RAM yasafishe kwa pamba yenye spiriti safi, uache yakauke, kisha upime tena. Nimeona RAM nyingi zikitupwa ilhali zilihitaji usafi huo tu.

Unapokwenda kununua, beba ile mbovu mkononi. DDR3 na DDR4, ambavyo ni vizazi tofauti vya RAM, haziingiliani, kwani pengo lililo kati ya meno limehamishwa makusudi, na RAM ya kompyuta mpakato ni fupi kuliko ya mezani. Usiamini sura ya kasha: HP EliteDesk 800 G1 hutumia DDR3, ilhali G2 hutumia DDR4. Soma pia volti, kwa sababu DDR3 ya kawaida hutumia 1.5 na DDR3L hutumia 1.35, na baadhi ya mashine hukubali hiyo ya pili pekee. Jihadhari na RAM za seva zenye maandishi RDIMM au herufi R mwishoni mwa kasi, mfano PC4-2400T-R. Huuzwa kwa bei nafuu, lakini kompyuta ya kawaida ya nyumbani haiwaki nazo.

Kuipachika ni kazi fupi: linganisha pengo na kinundu cha sloti, kisha kandamiza ncha zote mbili kwa nguvu sawa mpaka vibano vilie. Kwenye kompyuta mpakato, iingize kwa mshazari kwanza, ndipo uilaze. Usishtuke ikiwa mara ya kwanza kompyuta itakawia kuwaka, hasa ya DDR5, kwani huwa inaipima RAM mpya. Pitisha MemTest86+ mzunguko mzima kabla ya kurudi kazini, kisha fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri) kama msimamizi uandike sfc /scannow, ili Windows itengeneze mafaili yake yaliyoharibika wakati RAM ya zamani ilipokuwa bado imo.