Spea za gari la nyumbani: kwanza namba ya chesesi

Mzanzibari uliopo Uingereza na una gari la Kijapani nyumbani, usinunue spea yoyote kabla hujatumiwa picha ya namba ya chesesi, yaani namba ya utambulisho iliyogongwa kwenye gari. Picha ya bati lenyewe, si maneno ya mjomba kwenye simu.

Duka la huku halikuulizi una gari gani. Linataka pleti namba. Likipewa ya Kiingereza, kompyuta inataja mpaka plagi. Likipewa pleti yetu ya Z, kimya, na hapo muuzaji anaanza kukisia. Wa kwangu alikisia kuwa Toyota IST yetu ya nyumbani ni Yaris. Toyota IST ile ya mwanzo haikuuzwa huku, na ijapokuwa na Yaris ni ndugu, haziazimani kila kitu. Brekipedi zimefika Unguja, fundi kazijaribu, zimekataa kukaa kwenye kalipa, kile kibano cha breki. Ukinunua mtandaoni, sheria ya huku inakupa siku 14 tangu upokee mzigo kusema umeghairi. Siku zangu zilikwisha boksi likiwa bado baharini. Duka likanijibu kwa barua ya adabu tupu, maana Muingereza anaweza kukunyima fedha zako huku anakushukuru kwa subira yako.

Basi narudia: chesesi kwanza. Kwa IST hiyo utaona, kwa mfano, NCP60 au NCP61, kistari, kisha tarakimu saba. Tovuti nyingi za Uingereza zinataka herufi na tarakimu 17 na zitaikataa namba hiyo; usiongeze sufuri ili itimie. Tafuta katalogi inayokubali magari ya soko la Japani, ikupe namba ya spea yenyewe, ununue kwa namba hiyo. NCP60 ni injini ya lita 1.3, NCP61 ni ya lita 1.5. Mjomba atakwambia "IST ni IST tu". Sivyo, mjomba, na shikamoo. Wala usitegemee kadi ya gari peke yake: karani akikosea herufi moja, umenunua spea ya gari la mtu mwengine.

Ndugu zetu wa Maskati, magari ya huko yana usukani wa kushoto. Reki ya usukani na taa za mbele msitume.

Jengine: injini hizo za IST zinatumia cheni ya taimingi, hazina belti. Ukiombwa pesa za taimingi belti, mwambie fundi, kwa heshima zote, aifungue akupigie picha ya hiyo belti. Mara nyingi simu hukatika.

Oili, filta na plagi zinunuliwe hapo hapo mjini. Rejeta itiwe kulanti, si maji ya kisima, maana maji yetu yana chokaa.

Spea mtumba za chini ya gari kutoka Uingereza mimi sinunui. Wakati wa baridi wanamwaga chumvi barabarani ili barafu iyayuke, na vyuma vyao vinaliwa kama vyetu vinavyoliwa na upepo wa bahari. Watu wanaona kila cha Ulaya ni kizima!

Na kaka anayechukua samaki Mkokotoni kwa gari hilo, aweke beseni lisilovuja. Maji ya samaki hupenya chini ya zulia yakalala juu ya bati. Kila wiki alinyanyue zulia la nyuma apapase kwa mkono. Pakiwa na unyevu, aoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, aache milango wazi mpaka pakauke.