Kidonda cha hoki: kiungo kisafishwe kabla hakijajaa usaha

Tundu dogo kwenye hoki, kile kifundo kikubwa cha katikati ya mguu wa nyuma wa farasi, ni la kuogopwa kuliko mchaniko mrefu wa paja. Ngozi pale ni nyembamba na kiungo kiko chini yake tu. Farasi wa mtaa wa Karen, Nairobi, akichomwa na seng'enge, siku ya kwanza anaweza kutembea vizuri kwa sababu ute wa kiungo unavuja nje. Tundu likiziba, usaha hujaa ndani, naye huanza kuning'iniza mguu. Ukingoja achechemee, umechelewa.

Saisi, yaani mtunza farasi, amwagie kidonda maji ya chumvi: kijiko cha chai kimoja na nusu kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Asipulize sprei ya buluu ya vidonda wala asimpe dawa ya maumivu kabla daktari hajamwona. Zote huficha dalili. Afunike kwa kitambaa safi, aulizie chanjo ya pepopunda. Kama ni jioni, foleni ya Barabara ya Ngong ihesabiwe: matumaini ni makubwa zaidi kiungo kikisafishwa ndani ya saa 24.

Daktari hunyoa, huosha, kisha hudunga sindano kiungoni mbali na kidonda na kuvuta ute. Ute mzima ni wa manjano angavu na huvutika kati ya vidole. Ulioharibika ni majimaji yenye ukungu. Seli nyeupe zikizidi 30,000 kwa mikrolita, hesabu kiungo kimeambukizwa. Halafu husukuma maji ya dripu kwa sindano ileile. Yakitokea kidondani, kiungo kimetoboka. Eksirei nayo isirukwe, maana kipande cha mfupa kikibaki ndani maambukizi hurudi.

Operesheni yenyewe hufanywa kwa nusukaputi: kamera huingia kwa tundu dogo, kiungo huoshwa kwa lita nyingi za maji ya dripu, nywele, uchafu na utando vikitolewa. Kuosha kwa sindano peke yake ni nafuu, ila sindano haioni, na utando ukibaki hulinda vijidudu. Mwishoni amikasini, dawa ya kuua bakteria, hutiwa kiungoni.

Bendeji ndiyo huharibu kazi nzuri. Weka pamba nene, zungusha kwa umbo la nane, uache wazi ncha ya kisigino, ile ya nyuma ya hoki. Ikibanwa, ngozi hufa na kano kubwa iliyo juu yake huumia. Mguu wa pili ufungwe pia na maranda ya kusimamia yawe mengi, kwani kwato inayobeba uzito wote inaweza kuvimba ndani. Ute upimwe tena baada ya siku 2. Akiacha ghafla kukanyaga, usingoje asubuhi.