Maji yakishuka shambani, chana shina kabla ya kumwaga urea

Mto uliofurika ukirudi kwenye njia yake na majaruba ya mpunga yakaanza kuonekana tena, wakulima wengi wa Kyela na Mbarali, mkoani Mbeya, hukimbilia duka la pembejeo. Mpunga umelala, majani yamepakwa tope, shamba lote ni njano, na mtu anaona dawa ni urea. Ngoja kwanza. Njano hiyo si ya njaa peke yake. Mizizi imekosa hewa, na mzizi uliokosa hewa hauli hata ukiulisha. Mbolea ya leo itaondoka na maji: ya Kyela itaishia Ziwa Nyasa, ya Mbarali itaishia bwawa la Mtera.

Chukua wembe, ingia jarubani kwa miguu. Ng'oa shina la katikati na jingine la pembeni, osha tope, kisha lichane kwa urefu kuanzia kwenye kitako. Hapo chini ndani ndipo kilipo kiini kinachotoa majani mapya. Kikiwa cheupe na kigumu, mpunga uko hai hata kama majani ya nje yameoza. Kikiwa cha kahawia, kinateleza na kunuka, huo umekwisha. Tazama na mizizi: ikiwa myeusi na inanuka yai viza, maji yametuama mno, lakini ukiona vincha vyeupe vinachipua, mmea umeshaanza kujitibu. Rudia sehemu kadhaa, maana jaruba halidhuriki sawasawa. Upande maji yalikoingilia hufukiwa na mchanga, upande wa bondeni maji hukaa.

Mpunga mchanga uliozama wote kwa siku tatu au nne, hasa kama maji hayakuwa na tope zito, kwa kawaida hurudi. Ukizidi wiki ndani ya maji ya tope, matumaini ni madogo, kwa sababu mwanga haupenyi. Kinachowadanganya wengi ni mpunga uliozama ukiwa kwenye maua. Maji yakishuka unasimama vizuri, unapendeza hata kwa jirani, na siku ya kupepeta unapata mapepe, maganda yasiyo na punje. Huo usiuongezee gharama yoyote.

Ule uliosalimika na haujabeba mimba, punguza maji yawe chini ya kifundo cha mguu, subiri kama wiki moja mpaka jani jipya lichomoze, palilia, ndipo uweke nusu mfuko wa urea, kilo 25 kwa ekari. Kama baada ya hapo kuna mashina yaliyodumaa na njano yake haitoki, shuku kimyanga, ugonjwa wa virusi wa mpunga. Hakuna dawa ya kukitibu. Ng'oa mashina hayo uyafukie mbali na shamba, na usiyashike kisha ukaendelea kupalilia mazima kwa mikono ileile.

Mahindi hayana uvumilivu wa mpunga. Yakiwa chini ya majani sita, kiini chake bado kiko ardhini, na siku mbili hadi nne za kuzama zinatosha kuyaua, hasa kukiwa na jua kali. Chana shina kama ulivyofanya kwenye mpunga. Yakiwa makubwa na maji yalifika magotini tu, chimba mfereji wa kuyatoa, lakini uelekeze kwenye korongo au mfereji wa skimu ya umwagiliaji, usielekeze kwa jirani. Kesi za namna hiyo huwajaza watu ofisi ya mtendaji kila mwaka, na mara nyingi aliyechimba ndiye anayelipa.

Usiingize trekta wala ng'ombe wa plau udongo ukiwa bado tope. Finyanga bonge mkononi, ulibonyeze kwa dole gumba: likimeguka, lima; likibonyea kama ugali wa moto, subiri. Mchanga ulioachwa na mto, ukiwa na kina cha upana wa vidole vitatu au vinne, unaweza kulimwa ukachanganyika na udongo wa chini. Ukizidi sana hapo, itabidi kuusomba. Ni kazi ngumu, ila kupanda juu ya mchanga mtupu ni kupoteza mbegu.

Mahindi yaliyokomaa nayo yana mtihani wake. Mahindi yaliyoguswa na maji yavunwe na kukaushwa peke yake, juu ya turubai, yasichanganywe na mazima. Yenye ukungu ni ya kutupa. Najua yanakokwenda mara nyingi: yanapelekwa kwenye pombe ya komoni au kwa kuku. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kuchemshwa wala kwa kuchachushwa, na kuku akila itamdhuru. Kupima ukavu kabla ya kuhifadhi, tia chumvi kavu na punje kwenye chupa kavu, funika, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda pembeni mwa chupa, rudisha mahindi juani.

Mboga zilizofunikwa na maji ya mto zisiliwe mbichi, kwa sababu maji hayo yamepita vyooni. Mzoga nao hauchunwi. Mwite mtaalamu wa mifugo kwanza, maana baada ya mafuriko kimeta huweza kuibuka, na mvua nyingi huleta mbu wanaoeneza homa ya bonde la ufa, kama nchi yetu ilivyoshuhudia mwaka 2006 na 2007.

Kimbunga cha mbali, mto wa jirani

Vimbunga vya Bahari ya Hindi havitufikii huku Nyanda za Juu Kusini na upepo wake, kwa hiyo tangazo likisomwa watu huona ni habari za Mtwara na Msumbiji. Mwaka 2023 Kimbunga Freddy kiliua au kupoteza zaidi ya watu elfu moja Malawi, ng'ambo tu ya Mto Songwe. Kimbunga kikikaa upande wa Rasi ya Msumbiji, yaani bahari iliyo kati ya Msumbiji na Madagaska, mara nyingi huvuta upepo wenye unyevu kutoka Kongo, na upepo huo ukigonga milima yetu humwaga mvua. Mara nyingine hufanya kinyume, kikatunyima mvua. Ndiyo maana usikisie: fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wa siku hizo.

Kwa Kyela, angalia pia Tukuyu. Kiwira na Mbaka hushuka kutoka milima ya Rungwe kwa mteremko mkali, kisha hufika kwenye tambarare na kutawanyika. Jua linaweza kuwaka Kyela na mafuriko yakawa njiani. Ndugu wa Tukuyu akipiga simu kwamba mvua haijakatika tangu jana, hamisha pampu, mbolea na mbuzi mchana huohuo. Usisubiri giza.

Ukingoni na kwenye vinyungu

Sheria ya mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wengi wanaiona kama kero ya serikali, lakini kipande hichohicho ndicho mto hukichukua kwanza. Kipande hicho ni cha matete, mianzi na mivengi, miti inayopenda maji. Mianzi inashika udongo vizuri, na Iringa hakuna haja ya kumshawishi mtu aipande, ulanzi, pombe ya mianzi, umeshafanya kazi hiyo. Mikaratusi ipeleke mlimani.

Kama mpunga au mahindi yamekufa na tayari ni Aprili mwishoni, usirudie zao lilelile. Sehemu nyingi mvua zinaisha. Nje ya hizo mita 60, vinyungu, yaani bustani za mabondeni, vitabaki na unyevu wa kutosha kwa maharage ya muda mfupi, yanayokomaa kwa takriban miezi mitatu. Panda maji yakishapungua kiasi cha jembe kutogandwa na tope, kwenye matuta yaliyoinuliwa, na mbegu inunuliwe au itoke kwa jirani wa mlimani. Viazi mviringo vilivyozama usivifanye mbegu hata vikionekana vizima, kwa sababu mnyauko bakteria husafiri na maji, na kiazi kinaweza kuubeba ndani bila dalili mpaka kiote.