Somo: Ekstensheni ya jikoni inabeba nini

Jiko la nyumba ya kupanga mara nyingi lina soketi moja, na vifaa ni vitano. Ndipo inaponunuliwa ekstensheni. Si vibaya, ila ina kipimo chake, na kipimo hicho hakitokani na wingi wa matundu.

Hatua ya 1: Piga hesabu. Plagi zetu za miguu mitatu mwisho wake ni ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo ni wati 2,990. Geuza kila kifaa usome kibandiko chake. Birika la umeme aghalabu hula wati 2,000 hadi 2,200, presha kuka kama 1,000. Viwashe pamoja, umeshavuka. Friji na blenda hazina makuu. Kinachotoa joto ndicho mlaji.

Hatua ya 2: Soma waya wenyewe. Wengi huiruka hatua hii, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote. Ukikuta 3 x 1.25 mm² (yaani nyaya tatu ndani, kila moja unene wa milimita mraba 1.25), waya huo unamudu ampea 13. Ukikuta 3 x 0.75, unaishia ampea 6, hata kama kichwani wameandika 13A kwa herufi za kujigamba. Usio na maandishi yoyote, chajia simu tu.

Hatua ya 3: Katikati ya mapishi, gusa plagi. Ikiwa ya moto, tundu limebabuka, au kuna harufu ya plastiki, zima, chomoa, usiirudishe tena. Tundu lililolegea halikazwi kwa njiti ya kiberiti!

Hatua ya 4: Ikunjue yote, maana waya ulioviringishwa hujipasha wenyewe. Itundike mbali na sinki. Birika na jiko la umeme vichomeke ukutani moja kwa moja.

MASWALI YA WANACHAMA

Fundi, kwani mzigo ukizidi fyuzi si itakatika yenyewe?
Ukizidi sana, ndiyo. Fyuzi ya ampea 13, ile ya ndani ya plagi, inaweza kuhimili ampea 20 kwa muda mrefu, na muda wote huo waya mwembamba unaiva. Ile iliyozungushiwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara si fyuzi tena.

Umeme ukikatika napika, naweza kuondoka tu?
Hapana dada. Umeme ukirudi, jiko linawaka na sufuria iko juu yake, nawe uko kazini. Zima swichi ya ukutani kwanza.

Ekstensheni ikishawaka moto, niimwagie maji?
Usithubutu. Kata umeme kwenye meini swichi, kisha tumia kizimamoto cha poda kavu. Mafuta ya kikaangoni yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, wala usikibebe kukipeleka nje. Moto ukidaka pazia, toeni watu. Kwa Tanzania, Zimamoto ni 114.

Mkuu, ekstensheni juu ya ekstensheni, ya pili ni ya friji tu?
Mzigo ni mdogo, lakini kila kiungio ni mahali pa kulegea. Mwombe mwenye nyumba alete fundi aongeze soketi. Akisita, mkumbushe kwamba nyumba ni yake.